Mtoto Katoka Nyumbani, Skuli Hakufika

Nyanya mmoja wa Majengo, Mombasa, alipigiwa simu na mwalimu wa darasa la mjukuu wake katikati ya muhula wa pili. Mwalimu alitoa salamu, akauliza hali za wa nyumbani, kisha akasema, "Bi Mkubwa, nilitaka kujua kama kijana amepata nafuu." Nyanya hakufahamu. Mjukuu wake, mvulana wa gredi ya sita, hakuwa mgonjwa. Asubuhi ile ile alikunywa chai kwa mahamri, akavaa sare, akachukua mkoba wake, akambusu mkono na kutoka. "Mwanangu, umekosea nambari," nyanya alijibu. "Wangu yuko skuli." Mwalimu akamsomea jina la mtoto, la baba yake na la babu yake. Kisha akamsomea tarehe, moja baada ya nyingine. Zilikuwa kumi na moja.

Nyanya huyo amenipa ruhusa nikisimulie kisa chake, kwa sharti kwamba nisitaje jina la mtu wala la skuli. Nimelikubali sharti hilo bila tabu, kwa sababu kisa chenyewe si cha nyumba moja. Tangu nianze kuwauliza akina mama na walimu habari za watoto wanaokosa skuli, sijaketi baraza moja nikaondoka bila ya kusikia kinachofanana nacho.

Neno tunaloliharakia ni "utoro". Mtoto hakuonekana darasani, basi ni mtoro, na dawa ya mtoro kila mtu anadai anaijua. Lakini rejista ya mwalimu haisemi utoro. Rejista husema jambo moja tu, kwamba jina lilipoitwa hapakuwa na aliyeitika. Baina ya kutoitika na kuwa mtoro kuna swali la "kwa nini?", na swali hilo ndilo wengi wetu, wazazi na walimu pamoja, tunaloliruka.

Hesabu ya siku moja

Siku moja huonekana ndogo. Leo mvua imenyesha na njia haipitiki, kesho kutwa kuna mgeni, wiki ijayo mtoto ameamka anaumwa na tumbo na kufikia adhuhuri anacheza mpira uwanjani. Hakuna mzazi anayeketi chini akaamua kumtoa mwanawe skuli. Siku zenyewe hudondoka kama maji ya mfereji usiofungika vizuri, na ndoo hujaa usiku watu wamelala.

Tufanye hesabu. Skuli husomesha siku tano kwa wiki. Mtoto anayekosa siku moja kila wiki hupoteza sehemu moja katika tano ya masomo yake. Katika muhula wa wiki 13 amekosa siku 13, nazo ni zaidi ya wiki mbili na nusu. Akiendelea hivyo tangu gredi ya kwanza hadi ya tisa, atakuwa amekaa nje ya darasa kwa muda unaokaribia miaka miwili mizima, hali jina lake limo katika rejista na sare yake inafuliwa kila Jumamosi. Uingereza na Marekani, mtoto aliyekosa asilimia 10 ya siku za masomo huhesabiwa kuwa yumo hatarini na hufuatiliwa. Kwa muhula wetu wa wiki 13, asilimia hiyo ni siku sita au saba tu. Mvulana wa Majengo alikuwa amekwisha kuzipita nyanya yake asijue.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ya siku hailionyeshi. Masomo hujengwa moja juu ya jingine. Mtoto asiyekuwapo siku mwalimu alipoeleza sehemu, siku ya pili atakuta wenzake wanazijumlisha, na siku ya tatu wanazigawanya. Atakaa kimya, atachungulia daftari la jirani, ataogopa kuulizwa. Akiulizwa na kushindwa, wenzake watacheka. Asubuhi ifuatayo tumbo litamuuma tena, na safari hii litamuuma kweli. Kwa hiyo siku moja iliyokosekana huzaa nyingine, na mwishowe mtoto hukimbia aibu kuliko anavyoikimbia skuli yenyewe.

Sheria inasemaje

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kupata elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikamwekea mzazi jukumu la kuhakikisha kwamba mwanawe anahudhuria skuli kwa utaratibu. Mzazi anayeshindwa kutimiza hilo anatenda kosa, na adhabu yake yaweza kufika faini ya shilingi 100,000 au kifungo cha mwaka mmoja, au vyote viwili. Hili wazazi wengi wamekwisha kulisikia.

Lisilosikika sana ni kwamba sheria hiyo hiyo imemwekea wajibu mwalimu mkuu pia. Mwanafunzi anapokosa kuhudhuria, mwalimu mkuu anatakiwa achunguze hali iliyomkosesha. Akiona hapana sababu ya maana, ndipo amwandikie mzazi notisi na kupeleka ripoti kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Tuutazame mpangilio huo: uchunguzi umetangulizwa, notisi ikafuata. Kiboko hakimo mahali popote. Sheria imepiga marufuku kumwadhibu mwanafunzi kwa kumpiga na hata kumtesa kwa maneno.

Imekataza vile vile mtoto wa skuli ya umma kunyimwa nafasi ya kusoma kwa sababu mzazi wake hakulipa michango. Hapa kila mama msomaji anajua yanayotendeka. Mtoto hutumwa nyumbani alete pesa za mtihani, pesa hazipo, huketi nyumbani Jumanne, Jumatano na Alhamisi, mpaka baba arudi kutoka baharini au mama auze viazi vya karai vya kutosha. Rejista nayo humwandika kuwa hayuko. Huyo naye tumwite mtoro? Na ikiwa si yeye, mtoro ni nani?

Nawashauri wazazi waliofikwa na hali hii wasimwache mtoto akae nyumbani kwa kuona haya. Mzazi aende mwenyewe afisini, aeleze alicho nacho na tarehe atakayoweza kukamilisha, na amwombe mwalimu mkuu mtoto abaki darasani. Walimu wakuu wengi hukubali wakiombwa ana kwa ana. Asiyekubali, afisi ya elimu ya kaunti ndogo iko wazi kwa mzazi yeyote, na kwenda huko si kumshitaki mtu.

Siku ambazo madarasa huwa matupu

Nimewauliza walimu kadhaa ni siku gani madarasa yao huwa matupu. Hawakuhitaji kufikiri. Ni Jumatatu, Ijumaa mchana, na siku ya pili baada ya Idi.

Jumatatu ni ya arusi. Arusi zetu si za siku moja. Kuna hina, kuna nikaha, kuna kupamba, na kila moja ina mapishi yake na wageni wake. Sina neno na arusi, na sitaki kusomwa kama mtu anayeichukia furaha ya watu. Ninalolisema ni kwamba, ukitazama vizuri, atakayebaki nyumbani Jumatatu kuosha masufuria na kumshika mtoto wa shangazi ni msichana. Kaka yake, ambaye naye alikesha, ataamshwa aende skuli. Mwalimu mmoja wa Kisauni aliniambia kwamba darasani kwake wasichana wa miaka kumi na miwili hukosa kwa sababu za nyumbani, na wavulana wa umri huo hukosa kwa sababu za nje. Tuyafikirie maneno hayo. Tunapolalamika kwamba binti hakupita vizuri, tuihesabu pia ile mikono tuliyoiazima siku za masomo.

Kwa binti kuna sababu nyingine ambayo wengi huona haya kuitaja, nayo ni hedhi. Mwaka 2017 sheria ya elimu ilirekebishwa ili wasichana wa skuli za umma wapewe sodo bila malipo. Zinapofika husaidia, lakini sodo peke yake haitoshi ikiwa choo cha skuli hakina maji wala komeo la mlango. Mama anayeona kwamba binti yake hukosa siku mbili au tatu kila mwezi aulize hali ya vyoo, tena alifikishe jambo hilo katika mkutano wa wazazi bila ya kuona aibu. Na ikiwa binti analala chini kwa maumivu kila mwezi, ampeleke hospitali. Kumwambia kwamba ndivyo wanawake walivyoumbwa si matibabu. Hedhi imemwondolea sala na saumu kwa siku zake, hisabati haikumwondolea.

Ijumaa mchana ni habari ya wavulana. Kwenye skuli za mchanganyiko huku Pwani, wavulana Waislamu huruhusiwa kutoka kwenda kusali. Wanaokwenda ni wengi, wanaorudi kwa vipindi vya mchana ni haba. Katiba inalinda uhuru wa kuabudu, lakini ruhusa ile katika skuli nyingi ilipatikana kwa wazee wetu kuketi na walimu wakuu na kuzungumza kwa upole. Kijana anayeigeuza kuwa nusu siku ya kuzurura anawaharibia wadogo zake watakaoiomba baada yake. Baba anayesali msikiti ule ule na mwanawe ana kazi nyepesi hapa: amtazame baada ya salamu ya mwisho, na amsindikize kwa macho mpaka njia ya skuli.

Ramadhani kwa miaka hii inaangukia katika muhula wa kwanza. Mtoto aliyekaa macho baada ya tarawehe mpaka daku ataamka saa moja kichwa kikimgonga, ikiwa ataamka. Mdogo asiyefunga hana haja ya kukesha, na mkubwa anayefunga anahitaji kulala mapema zaidi kuliko mwezi mwingine wowote. Televisheni ikizimwa saa nne, nusu ya kazi imekwisha.

Maradhi ni mlango mwingine mkubwa, na si kila ugonjwa wa asubuhi ni uongo. Kuanzia mwaka 1998 watafiti walifanya kazi katika skuli 75 za Busia, magharibi mwa nchi yetu, ambako watoto walipewa dawa za minyoo. Waligundua kwamba kukosa skuli kulipungua kwa kiasi cha robo. Wataalamu wengine wamebishana nao baadaye kuhusu hesabu zao, na mmoja wa watafiti hao, Michael Kremer, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Mama wa Pwani haina haja asubiri wamalize mabishano. Mtoto wa Kwale au wa Tana River anayekojoa damu, anayechoka upesi na kusinzia darasani, huenda ana kichocho, na kichocho kina tiba. Yule anayesema kichwa kinamuuma kila anapotazama ubao huenda haoni vizuri. Kabla ya kumwita mvivu, tumpime.

Na wale wasichana waliopata ujauzito wakiwa skulini, nao wana mlango wao. Tangu mwaka 1994 sera ya nchi inamruhusu msichana arudi masomoni baada ya kujifungua. Nimewaona waliorudi wakafaulu. Nimewaona pia waliozuiwa na maneno ya majirani wakati skuli yenyewe ilikuwa tayari kuwapokea.

Saa tatu kasoro robo

Nirudi kwa nyanya wa Majengo. Mama wa mvulana yule yuko Arabuni, anafanya kazi za nyumbani kwa mkataba wa miaka miwili. Baba hayupo, tuishie hapo. Nyanya ndiye mzazi, na simu yake ni ile ndogo ya vitufe, ya kupiga na kupokea tu.

Mjukuu aliporudi jioni ile, mkoba mgongoni na sare safi, nyanya alikuwa ameuweka mwiko karibu. Anasema alitaka kumpiga, kwa hasira na zaidi kwa woga. Kilichomzuia ni lile swali la mwalimu. "Hakuniuliza kwa nini mtoto ni mtoro," alinieleza. "Aliniuliza kama amepata nafuu. Nikasema, pengine kweli anaumwa na mimi sijui." Akampa chakula, akanyamaza. Siku ya pili akamwomba mwanawe, mjomba wa kijana, amfuate kwa mbali.

Kijana alilipita lango la skuli bila ya kuligeukia. Alikwenda moja kwa moja mpaka duka dogo la kutengeneza simu upande wa Mwembe Tayari, ambako binamu yake ni fundi. Akakaa juu ya kreti la soda, akatoa mkobani simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, akaiunganisha na intaneti ya duka. Akangoja. Saa tatu kasoro robo simu ikalia. Alikuwa mama yake, akizungumza kwa kunong'ona kutoka katika stoo ya jikoni. Kwenye nyumba anayofanyia kazi watu huchelewa kulala na huchelewa kuamka, na usiku simu yake hukaa kwa mwenye nyumba. Saa ile ya asubuhi, wakiwa bado wamelala, ndiyo yake peke yake.

Mama mwenyewe hakujua. Mwanawe alimwambia kwamba skuli yao siku hizi huanza saa nne.

Mjomba alimuuliza kwa nini, wakishamaliza kuzungumza, haendi skuli akaingia hata kwa kuchelewa. Jibu lake ningependa kila mwalimu mkuu alisikie. Alisema kwamba anayechelewa hupiga magoti nje ya lango mpaka wakati wa mapumziko, watu wote wakimwona, kisha hufyeka nyasi. Asiyekwenda kabisa haulizwi kitu mpaka wiki ijayo. Kwa akili ya mtoto wa miaka kumi na miwili, hesabu ilikuwa rahisi. Tumeweka adhabu kali ya kuchelewa, na kwa adhabu hiyo tumewafundisha watoto kukosa.

Lakini hilo lilikuwa tawi tu. Shina lilijitokeza usiku, nyanya alipoketi naye ukumbini, taa imezimwa. Kijana alikuwa amesikia redioni habari za maiti za wafanyakazi zinazorudishwa kutoka huko. Hakumwambia mtu. Kila siku mama alipoahidi kupiga simu, yeye alikwenda kuhakikisha kwamba yu hai. Siku ambazo hakuahidi, alikwenda skuli.

Nyanya, mjomba, mwalimu wa darasa na mwalimu mkuu waliketi pamoja wiki ile. Kijana mwenyewe alikuwapo, na aliulizwa anataka nini, jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi. Walikubaliana kwamba mama, katika saa yake ile, arekodi ujumbe wa sauti na kuutuma kwenye simu ya mjomba, na kijana ausikilize akirudi. Jumamosi, ambayo haina skuli, wazungumze uso kwa uso kwenye simu hiyo hiyo. Mama akapewa nambari ya mwalimu wa darasa, na mwalimu akaahidi kwamba likitokea jambo lolote, kijana ataitwa na kuambiwa siku hiyo hiyo, asifichwe. Ahadi hii ndiyo aliyoitaka zaidi. Mwalimu mkuu naye akakubali kwamba anayechelewa aandikwe jina na aingie darasani, na hesabu ya kuchelewa ifanywe baada ya masomo.

Najua si kila skuli ingelikubali haya, na si kila nyumba ina mjomba. Darasa lenye watoto themanini haliachi nafasi kubwa ya kupiga simu. Hata hivyo simu ile ya kwanza ilichukua dakika tatu, na ingelipigwa siku ya tatu badala ya siku ya kumi na moja, wote wangelipumzika mapema. Wazazi walio Arabuni nami nina neno nao, kwa mapenzi. Kabla ya kusafiri, nendeni skuli pamoja na mlezi mtakayemwachia mtoto. Mwalimu amjue uso, aandike nambari yake, na ajue ni nani wa kumwita. Wakala huhakikisha hati zako zote zimekamilika. Hati hii hakuulizi.

Barua ya udhuru

Udhuru wa kweli upo. Mtoto huugua, nyumba hufiwa, njia hukatwa na mafuriko, kama ilivyokuwa mwaka 2024 ambapo skuli za nchi nzima zilichelewa kufunguliwa kwa muhula wa pili kwa sababu ya mvua. Skuli haina ugomvi na udhuru. Ugomvi wake ni na ukimya.

Siku mtoto hawezi kwenda, mlezi apige simu au atume ujumbe kabla ya saa mbili asubuhi. Akirudi, aende na barua fupi yenye jina kamili, gredi, tarehe alizokosa, sababu, saini na nambari ya simu. Ikiwa alipelekwa zahanati, kile cheti alichoandikiwa kiambatanishwe. Kwa safari au shughuli inayojulikana mbele, ruhusa iombwe kabla, na mzazi aulize ni masomo gani yatakayopita. Barua ikae nakala nyumbani, hata kwa kuipiga picha. Siku kukizuka maneno, nakala ile ina thamani.

Na sababu iandikwe ya kweli. Hapa lazima nikiri langu. Mwaka mmoja tulikwenda Lamu kwa Maulidi, tukakaa siku tatu zaidi ya tulivyopanga. Kurudi, nikaandika kwamba binti yangu alishikwa na homa. Alikuwa darasa la nne. Aliisoma barua mbele yangu, kwa kuwa nilikuwa nimejisifu kwamba anasoma vizuri, kisha akaniuliza, "Mama, mwalimu akiniuliza homa ilinishika siku gani, nimwambie siku gani?" Niliichana ile karatasi. Nikaandika nyingine kwamba tulikuwa Lamu, kwamba nilikosa kuomba ruhusa, na kwamba naomba radhi. Mwalimu aliisoma, akacheka, akamwomba binti awasimulie wenzake aliyoyaona katika mashindano ya punda. Ningeliipeleka ile barua ya kwanza, ningelimfundisha mwanangu uongo ulioandikwa kwa hati nzuri na kutiwa saini ya mama.

Liko jambo la mwisho linalosahauliwa na pande zote mbili, nalo ni siku ya kurudi. Mtoto aliyekosa wiki nzima huingia darasani akiwa mgeni. Mwalimu akimpokea kwa kejeli, "Karibu mheshimiwa," darasa zima litacheka, na kesho yake hataonekana. Akimwambia "Tulikukosa", kisha akamketisha karibu na mwenzake mwenye madaftari kamili, amemaliza kazi kubwa kwa maneno machache. Nyumbani nako, jioni za wiki hiyo zisijazwe kazi. Nusu saa ya kunakili alichokikosa, somo moja kila jioni, akianza na hisabati kwa sababu ndiyo isiyosubiri, inatosha. Madrasa ikiwa ni jioni, maalim aelezwe. Maalim wetu wengi ni wazazi pia na hufahamu.

Nilimtembelea nyanya wiki iliyopita. Mkataba wa mwanawe umebakisha miezi saba. Alinionyesha kalenda iliyopachikwa nyuma ya mlango, ambayo kijana huiwekea alama kila akisikiliza ujumbe wa mama yake. Tangu kile kikao amekosa skuli siku mbili. Ya kwanza alikuwa na homa, ya kweli. Ya pili mama hakutuma ujumbe wowote kwa siku tatu, na kijana alikataa kunywa chai, akakataa kutoka. Nyanya hakumlazimisha. Siku zote mbili alichukua ile simu yake ya vitufe na kumpigia mwalimu kabla ya saa mbili. Ujumbe wa mama ulifika adhuhuri. Simu ilikuwa imeharibika. Saa nane mjukuu alivaa sare yake, akaenda kuvimalizia vipindi vya mchana.